Mlango wa Majivu kwenye Gari la Mashindano

Mama alitoa sharti lake akiwa ndani ya ghala, gumboot zake zimejaa vumbi la mahindi, bila hata kugeuka kututazama.

"Jumapili gari yake ikimaliza raundi zote kumi, hiyo injini ni yake, sitaiuliza tena. Isipomaliza, Jumatatu asubuhi inatoka."

Kaka yangu hakujibu. Mimi ndiye niliyejibu, kwa sababu kujibu ndiyo ilikuwa kazi yangu pale nyumbani. Nikauliza kwa nini iwe Jumapili, kwa nini raundi zote, na kwa nini mashine ya kupukuchua mahindi isiweze kusubiri wiki mbili. Mama akaokota gunzi sakafuni, akanionyesha kuvu la kijani lililoanza kuota kwenye punje zilizobaki.

"Muulize huyu," akasema.

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Injini ya mashine yetu ya kupukuchua ilikuwa imepasuka katikati ya mavuno. Mahindi yetu na ya majirani watatu yalikuwa yamerundikwa shambani, na kila alasiri mawingu yasiyo ya msimu yalijikusanya upande wa Mlima Elgon. Injini iliyokuwa kwenye gari la kaka ilitoka kwenye pikapu ya Mama, ile iliyooza bodi. Alimpa wakati hakuwa na haja nayo. Sasa alikuwa na haja nayo. Nilitafuta kosa katika hoja hiyo siku nzima na sikuliona.

Kaka alikuwa amelijenga gari lile nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Kitale, kwa miaka mitatu. Mabomba ya kumlinda dereva aliyakunja kwa kuyazungusha kwenye kisiki cha mkaratusi. Mkanda wa kiti aliushona kwa mkono, kwa sindano ya kushonea magunia. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hana mke, hana shamba, hana cheti, na kila nilipoona miguu yake imechomoza chini ya gari lile nilijua kwamba hapakuwa na kitu kingine duniani ambacho angeweza kukiita chake.

Mimi nilikuwa na cheti. Uhandisi wa mitambo, miaka mitano chuo kikuu, kisha miaka miwili ya kutuma barua za kuomba kazi nikiwa kwenye meza ile ile niliyofanyia kazi za shule ya msingi. Kaka aliniita Injinia, nusu kwa kunicheka, nusu kwa kunitegemea. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa maswali. Nilitolewa shule ya Jumapili kwa kutaka kujua ndani ya safina kinyesi cha tembo kilitupwa na nani. Sikuacha, chuoni nilijifunza tu kuuliza nikiwa na hesabu mkononi.

Shida ya gari ilikuwa joto. Katika mashindano yaliyotangulia, jiwe lilivunja plastiki yote iliyokuwa nyuma ya bampa, ile inayoielekeza hewa kutoka mdomo wa gari hadi kwenye rejeta. Bila plastiki hiyo, hewa iliingia ikaizunguka rejeta badala ya kupita ndani yake. Mshale wa joto ulipanda baada ya dakika chache tu. Plastiki ya aina ile haikupatikana Kitale, wala Eldoret, na hata ingepatikana haingetoshea, maana kaka alikuwa amebadilisha sehemu yote ya mbele. Ilibidi itengenezwe ya bati, kwa kipimo cha gari lile moja.

Fundi wa kuchomelea wa Kitale alijaribu kwanza. Bati jembamba lilimtobokea, likawa kama kitambaa kilichochomwa na pasi. Akabadilisha, akatumia chuma kizito, na chuma kizito kikavunja vishikizo vyake kabla hatujafika barabarani. Kidogo kiingie kwenye feni. Hiyo ilikuwa Jumatano. Fundi mwenyewe, akiona aibu, ndiye aliyetuambia habari za mama mmoja wa Bungoma anayetengeneza mabomba ya moshi ya majiko ya kuni.

"Bomba lake likiwa jikoni," alisema, "unaweza kupika na shati jeupe."

Nikauliza moshi wa ugali unahusiana vipi na injini. Kaka alikuwa tayari anajaza majerikani ya maji.

*

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, tukiliendesha gari lenyewe kwa sababu bati lilipaswa kupimwa likiwa kwenye gari. Ni mwendo mfupi kwa mtu mwenye rejeta nzima. Sisi tulisimama Kiminini, tukafungua boneti, tukangoja, tukaongeza maji. Tukasimama tena mara mbili kati ya mashamba. Karibu na hospitali ya misheni ya Lugulu majerikani yalikuwa matupu, nikaenda kumwomba mlinzi wa duka moja anijazie kwenye mfereji. Alinijazia. Alipoona nimerudi mara ya pili akaja mwenyewe kuangalia.

"Hii ni gari ama ni ng'ombe?" akauliza.

"Ni gari ya mashindano," kaka akasema.

"Ya kushindana kunywa?"

Watu waliokuwa kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma wakacheka. Kaka pia akacheka, lakini nilimwona akiufuta mshale wa joto kwa kidole gumba, juu ya kioo, kana kwamba alitaka kuufuta kabisa usionekane.

Karakana ya yule mama ilikuwa nyuma ya soko la Bungoma, kibanda cha mabati kilichozungukwa na masanduku ya wanafunzi, mifereji ya kukingia maji ya mvua na mabomba ya moshi yaliyosimamishwa kama watu waliopanga foleni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, leso kiunoni, mikono yenye makovu madogo meupe yasiyohesabika. Badala ya fuawe alikuwa na kipande cha reli. Aliliangalia gari kwanza, halafu sisi.

"Nani mwenye gari?"

"Mimi, mama," kaka akasema.

"Na huyu?"

"Huyu ni mdogo wangu. Ni injinia."

"Aa." Akanitazama viatu. "Na injinia ameshindwa nini mpaka mkakuja kwangu?"

Nilitoa karatasi zangu. Nilikuwa nimechora faneli ya bati: mdomo mpana mbele, kuta zinazokaza kuelekea kwenye rejeta, pembe kwa nyuzi, kila kitu. Akazichukua kwa heshima, akaziangalia pande zote mbili, akaziweka chini ya jiwe zisipeperuke.

"Ni picha nzuri," akasema kwa matamshi ya kwao. "Sasa reta katoni."

Akaanza upya. Alikata katoni za sabuni kwa mkasi, akazisukuma ndani ya mdomo wa gari, akazikunja kwa vidole, akazitoa, akapunguza, akazirudisha. Nilimuuliza mbona hapimi. Akasema anapima. Nilimuuliza kwa nini ukuta wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia ilhali kwenye mchoro ni sawa.

"Papa," akasema, kama kina mama wa kule wanavyowaita vijana, "ingiza kichwa yako hapo, chungulia. Rejeta imekaa sawa?"

Nikachungulia. Rejeta ilikuwa imekaa upande. Kaka aliifunga hivyo miaka miwili iliyopita ili kupisha mpira wa maji, na mimi nilichora nikidhani imenyooka.

Ijumaa ilikuwa siku ya bati lenyewe. Hakuchomelea popote. Alikunja ukingo wa kipande kimoja, akakunja wa kingine, akavishikanisha kama vidole vya mikono miwili, kisha akavigonga juu ya reli kwa nyundo ya mbao mpaka vikawa kitu kimoja. Penye pembe akatia riveti, na juu ya riveti akayeyusha risasi ya kuzibia bati kwa pasi iliyopashwa kwenye makaa. Akifanya kazi alituambia kwamba baba yake alikuwa fundi wa mabanda ya kukaushia tumbaku, zamani wakulima wengi wa upande wa Malakisi walipokuwa wakilima tumbaku. Ndani ya banda kulikuwa na mabomba makubwa ya bati yanayopitisha joto la moto wa kuni. Bomba likivuja, moshi unaingia kwenye majani na mkulima amepoteza mwaka. Yeye alikuwa mtoto wa kushika taa.

"Mzee alikuwa ananiambia hewa ni mvivu," alisema. "Ukimwachia njia ya mkato, atapita hapo, hata kama ni tundu ya sindano."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya mwalimu wangu wa mwaka wa tatu, kwa maneno mengine. Nilinyamaza, na kaka akanitazama kuona kama naumwa.

Faneli ilipofungwa kwenye gari, nilidhani tumemaliza. Yeye akaleta mkebe, akaujaza magunzi na nyasi mbichi, akawasha, akauweka mbele ya mdomo wa gari. Akamwambia kaka awashe feni bila kuwasha injini. Moshi mzito mweupe ukaingia mdomoni, na sisi tukalala chini, tukainama, tukazunguka kutafuta unatokea wapi. Ulitokea kwenye pembe ya juu, akatia risasi. Ukatokea kwenye riveti mbili, akatia risasi. Mara ya nne karibu moshi wote uliingia kwenye rejeta na kutokea nyuma ya feni. Palibaki sehemu moja tu: uzi mwembamba wa moshi chini kabisa ya faneli, kwenye kimlango kidogo alichokitengeneza bila sisi kumwomba, kipana kama kiganja, chenye bawaba ya waya.

Kaka alikuwa ameondoka kwenda kutafuta klipu za mipira ya maji. Tulikuwa wawili tu, mimi na yule mama.

"Na huu mlango ni wa nini?" nikauliza.

"Wa majivu."

"Majivu gani, mama? Hii ni gari."

"Sijawahi kutoa bomba bila mulango wa majivu."

"Lakini ni wa nini?"

Alifikiri. Niliona kwamba hakuwahi kuulizwa swali hilo, na nikafurahi, Mungu anisamehe, kama nilivyokuwa nikifurahi darasani mwalimu akikwama. "Kitu inapitisha hewa, inapitisha na takataka," akasema mwishowe. "Lazima uwe na pa kutolea."

"Lakini mlango unavuja. Umeuona moshi. Umesema mwenyewe hewa ni mvivu."

"Nimesema."

"Basi tuuzibe."

Aliutazama uzi ule wa moshi kwa muda. Alikuwa fundi, na bomba linalovuja lilimuuma kuliko lilivyoniuma mimi. "Sawa, injinia," akasema. "Rakini ni wewe umesema." Akakata kiraka cha bati, akakipigilia riveti sita, akazungushia risasi. Akaleta mkebe tena. Safari hii hapakuwa na uzi wowote. Kila chembe ya moshi ilipita kwenye rejeta. Sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa kwa mikono kikitii fizikia namna ile, na nilihisi kwamba kitu hicho ni changu pia, kwamba kwa mara ya kwanza tangu nivue joho la chuo nilikuwa nimetumika.

Kaka aliporudi nilimwambia: "Haivuji hata kidogo." Sikumwambia zaidi ya hapo.

*

Jumamosi tulirudi Kitale bila kusimama. Webuye, Lugulu, Kiminini, mshale ulikaa katikati kama umechorwa. Kaka aliimba. Alipiga usukani kwa viganja, akasema, "Injinia! Ati ulikuwa unakaa tu pale nyumbani na akili yote hii?" Nilimwambia atulie, lami si mashindano. Nilisema hivyo kwa mazoea ya kutia shaka, bila kujiuliza lami ina tofauti gani.

Tofauti niliiona Jumapili saa tano asubuhi.

Mashindano yalikuwa kwenye shamba la mahindi lililovunwa, njia ikizunguka mabua na kupanda kilima kidogo kabla ya kurudi penye bendera. Kulikuwa na upepo mkavu. Magari kumi na mawili yalipita, na kila gari lilipopita liliinua vumbi, na pamoja na vumbi majani makavu ya mahindi, makapi, nywele za mahindi, vipande vyepesi vya kila kitu kilichobaki baada ya mavuno. Vilielea kimo cha magoti kama wadudu.

Mama alikuja. Alisimama kando ya kamba na mwavuli wake, amevaa nguo za kanisani. Mimi nilikwenda kwenye kona ya chini, mahali magari yanapopunguza mwendo, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana ishara na kaka: kidole gumba nje ya dirisha, mshale uko katikati, kiganja wazi, mshale umeanza kupanda.

Raundi ya kwanza, kidole gumba. Ya pili, kidole gumba. Ya tatu alikuwa wa saba, akampita mtu mbele ya macho yangu, na kidole gumba kikatoka kwa madaha. Watu wa kona yangu walianza kumpigia makofi, vijana wa mjini, "Huyo msee ni moto!"

Ya nne, dirishani hapakutoka kitu. Nikajiambia amesahau.

Ya tano, kiganja.

Ya sita alipunguza mwendo kwenye kona kuliko kawaida, na nikauona mdomo wa gari. Ulikuwa wa manjano. Makapi yalikuwa yamejaa ndani ya faneli mpaka mbele, yamebanwa, yamepangana vizuri kama yamefumwa. Kabla ya faneli, hewa nyingi iliizunguka rejeta, na takataka ziliizunguka pamoja nayo. Sasa hewa yote ilipita sehemu moja, na takataka zote zikafuata. Tulikuwa tumeziba kila tundu. Tulikuwa tumeijengea rejeta koo lisiloweza kutema.

Nilikimbia. Nilikata shamba juu ya mabua, nikifikiri nitamsimamisha kwenye kilima, nitaingiza mkono, nitazoa. Mwamuzi mmoja alinizuia kwa kifua chake.

"Wewe wa wapi?"

"Ni ndugu yangu, rejeta imeziba, dakika moja tu—"

"Ukimgusa, ametolewa. Unataka atolewe?"

Nilibishana. Niliuliza kanuni imeandikwa wapi, nani aliiandika, je, dereva mwenyewe anaweza kushuka? Anaweza, akasema, akitaka. Basi niliruka juu na chini nikimwonyesha kaka kwa mikono ashuke, azoe. Alipita raundi ya saba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa mekundu na jasho lilimtiririka kama mtu aliyetoka kuoga, na nikaelewa alichokifanya: alikuwa amewasha hita, yote, kwenye jua la saa sita, ili joto la injini limwingie yeye. Ni ujanja wa madereva wa zamani. Sikuwa nimeufikiria. Alikuwa amekaa ndani ya tanuri, amefungwa mkanda alioushona mwenyewe, akiipunguzia injini kwa ngozi yake.

Ya nane alipita polepole. Ya tisa nilisikia injini kabla ya kuiona. Ilikuwa na mlio mkavu, mlio wa kitu kinachokauka ndani.

Raundi ya kumi alipanda kilima. Nilikuwa nimeshafika penye bendera, nikiwa karibu na Mama. Gari likatokea juu, likaanza kushuka kuelekea kwetu, na hapo mlio ukakatika. Hapakuwa na mlipuko wala moshi. Ulikatika kama redio inapozimwa. Gari likaserereka kwa uzito wake, likapunguza, likasimama. Kutoka bampa lake hadi kwenye bendera palikuwa kama urefu wa uwanja wa mpira.

"Washa!" nilipiga kelele. "Imebaki hapa tu! Washa!"

Watu wengine wakaanza: "Sukuma! Sukumeni!" Nilifika wa kwanza. Nikaweka mikono nyuma ya gari nikasukuma, kanuni au hakuna kanuni, na kipyenga kikalia, na gari halikusogea. Alikuwa amekanyaga breki.

Nikaenda dirishani. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge kwa joto la usukani. Alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Imekufa?"

"Haijakufa. Nimeizima."

"Umeizima? Si ni mita mia moja, bana! Ingefika!"

"Ingefika," akasema. "Na ingefika imekufa. Halafu Mama apukuchue na nini?"

Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia, kwa sauti iliyosikika, kwamba sharti lilikuwa ni kumaliza, kwamba injini ikifa baada ya kumaliza ni yake iliyokufa, kwamba hoja ilikuwa wazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Toka hapo dirishani," akasema. "Nipe hewa."

Mama alikuja taratibu, akiinua gauni lisishike mabua. Aligusa boneti, akaondoa mkono haraka. "Haiya," akasema kwa sauti ya chini. Akamtazama kaka mikononi, akafungua pochi, akatoa leso yake, akamwagia maji ya chupa, akampa.

"Mama," nikasema, "si umeona? Ameizima kwa ajili yako."

"Nimeona."

"Basi mwachie."

"Nimwachie vipi?" Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Mahindi hayakuona."

*

Jioni hiyo nilimpigia simu yule mama wa Bungoma. Nilimweleza yote, pamoja na kiraka. Nilikuwa nataka anihukumu, au anisamehe, mojawapo.

"Na huo mlango ungekuwa wazi," nikauliza, "tungepona?"

"Sijui, papa. Mulango wa majivu unafunguliwa moto ikizimwa. Sijawahi kuona mtu anafungua moto ikiwaka."

Mpaka leo sijui. Nimepiga hesabu. Makapi mengine yangedondoka. Mengine yangebanwa kwenye rejeta hivyo hivyo. Labda kaka angeshuka raundi ya sita, afungue, azoe kwa sekunde thelathini, amalize wa mwisho. Kwa faneli iliyozibwa, mkono wake ungefikia makapi ya mbele tu. Labda. Hesabu inakubali majibu yote mawili, na ni mara ya kwanza nimechukia swali lisilo na jibu.

Jumatatu asubuhi kaka aliamka kabla yangu. Nilimkuta amekwisha kusimamisha nguzo tatu za mkaratusi juu ya gari, mnyororo umening'inia, viganja vyake vimefungwa vitambaa. Faneli alikuwa ameitoa, ameiegemeza ukutani, upande wa chini ukitutazama. Nikaona ni sasa au kamwe.

"Kulikuwa na mlango pale chini," nikasema. "Wa kutolea takataka. Yule mama aliuweka. Mimi ndiye niliyesema uzibwe, ulipokuwa umeenda kutafuta klipu."

"Najua."

"Amekwambia?"

"Riveti sita mahali pasipo na maungio. Niliziona Jumamosi, nikifunga bampa."

"Mbona hukuuliza?"

Alikuwa akilegeza bolti ya mwisho ya injini, na kwa vile vitambaa spana ilimteleza mara mbili. Nilitaka kumsaidia, akaniondoa kwa kiwiko.

"Nilisema wewe ndiye umesoma," akasema. "Wewe unauliza kila kitu. Nikajua hiyo umeshauliza."

Alizungusha mnyororo chini ya injini, akaufunga kwa ndoano, akautikisa kuujaribu. Mama alitokea mlangoni, akasema uji uko tayari, akaona tulipofika, akarudi ndani. Tukavuta. Injini ikainuka kutoka kwenye gari, nzito, ikidondosha maji ya kutu, na kwa sababu mkaratusi mmoja ulikuwa mfupi ikaanza kuyumba. Kaka akaingia katikati ya nguzo, akaishika kwa viganja vyote viwili vilivyofungwa, akaituliza kifuani kwake. Nikaona damu ikitokeza kwenye kitambaa.

"Shusha," akaniambia. "Polepole. Usiigonge."

Nikalegeza pingili moja, nikangoja asogeze mguu, nikalegeza nyingine.